Nguzo Zilizotembea Bwera

Habari hii nilipewa na Afande Kenyangi mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya kanisa, tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba hapa Rukoki tunachambua maharagwe. Yeye amepanga chumba changu cha pembeni. Ni mwanamke wa Kitooro, na kazi yake ni polisi wa mazingira pale Kasese. Wengi hawajui kwamba kuna polisi wa kulinda vinamasi. Nami sikujua, mpaka alipohamia kwangu na buti zake za matope. Ninaandika kama alivyonieleza, ila nimepunguza kicheko, maana alicheka sana hata maharagwe yakachelewa kuingia sufuriani.

Siku hiyo gari la polisi lilimshusha Bwera asubuhi, penye kalvati kubwa ya barabara, likaendelea zake mpakani. Akabaki na begi, utepe wa kupimia na jembe dogo. Mwenyekiti wa kamati ya kinamasi, Mzee Tsongo, alikuwa anamngoja amevaa koti lake la harusi.

"Karibu, Abwoli," akasema Tsongo. Hilo ni jina la heshima la Kitooro. Mzee aliwahi kuishi Fort Portal, na hukosi kusikia habari hiyo ukikaa naye.

"Asante, mzee. Nguzo zimeibiwa?"

"Hazijaibiwa. Zimetembea."

"Nguzo za saruji?"

"Kuja uone mwenyewe. Mimi nikieleza utasema nimekunywa."

Wakashuka. Kiangazi kilichopita kamati ilikuwa imesimamisha nguzo fupi zenye kichwa chekundu pembeni ya kinamasi. Kuanzia nguzo kushuka majini hakuna kulima, hakuna kuchimba udongo wa tofali, hakuna kujenga. Akina mama wa mikeka wanakata mafunjo kwa ruhusa, basi. Sasa Kenyangi alikuwa amefanya kazi hii Katwe, akaifanya Ibanda, na kila mwizi wa mpaka aliyemkamata alikuwa na tabia moja: husogeza nguzo ndani ya kinamasi ili shamba lake linenepe. Lakini hapa nguzo tano zilikuwa zimetoka majini, zimepanda mteremko, zimesimama kando ya njia ya watu. Shamba zima la magimbi likawa limemezwa na kinamasi.

Kenyangi alizihesabu tena.

"Mzee, huyu mwizi anaibia watu anapelekea vyura."

"Ndiyo maana nimevaa koti," akasema Tsongo. "Leo mchana kamati inakaa. Hili ni shamba la Tabisa, mjane. Mtoto wake, Benon, ameahidi kumuuzia Ahumuza, yule tajiri wa malori. Ahumuza anataka mahali pa kuoshea malori yanayotoka Congo. Sasa wanasema kamati imehamisha mpaka ili inyakue ardhi yao. Kama hatumpati aliyefanya, Ahumuza anaenda wilayani na wilaya itang'oa nguzo zote, si hizi tano tu. Zikitoka, kesho tofali, keshokutwa nyumba. Mikeka kwisha, maji kwisha."

"Ni wewe uliyezihamisha?"

Mzee aliruka kidogo. "Mimi? Na mgongo huu?"

"Ninauliza kila mtu. Ninaanza na aliye karibu."

Kenyangi alipiga magoti penye nguzo ya kwanza. Hakukuwa na alama ya gurudumu wala ya kukokota kitu kizito. Nguzo ilisimama wima, udongo umeshindiliwa vizuri. Shina lake lilikuwa limezungushiwa majani makavu ya mgomba, yamepangwa kwa duara. Alidhani ni uchafu wa shamba. Akapiga picha kwa simu, akainuka.

"Nani Bwera ana toroli?"

"Omara," Tsongo akajibu haraka, kama mtu aliyekuwa na jina hilo mdomoni tangu asubuhi. "Tena yeye ndiye aliyezitengeneza. Nani anajua kubeba mtoto kuliko mzazi?"

Omara ni mtu wa kaskazini. Alikuja Kasese zamani kwa kazi ya saruji, kisha akafungua uwanja wake wa matofali ya saruji Bwera. Walimkuta amejaa vumbi jeupe mpaka kope.

"Wewe ndiye Omara?"

"Kama ni habari ya nguzo, ni mimi. Kama umetumwa na kwaya, mwambie mwalimu bado nina homa."

"Una toroli?"

"Ile pale. Gurudumu lake limepinda. Ikipita inaandika barabara nzima kama nyoka mlevi. Afande, umeona maandishi yake kule chini?"

"Sijaona."

"Basi nimepona homa."

Kenyangi hakucheka, ingawa alitaka. "Nguzo moja ina uzito gani?"

"Kama gunia la mihogo mibichi, lile la kujaza mpaka shingoni. Mwanaume mmoja anaweza, lakini atatukana njia nzima." Omara alifuta uso. "Na mimi nikuulize kitu. Huyo aliyezisimamisha tena, alitia kokoto chini?"

"Udongo mtupu."

"Hakupiga saruji?"

"Hapana."

"Basi si fundi. Fundi hata umwamshe usingizini umwambie simamisha nguzo, atatafuta kokoto kwanza. Mkono wenyewe unakataa kufanya vingine."

Tsongo alisema hiyo ni hila ya mjanja, kwamba fundi anaweza kufanya vibaya makusudi. Kenyangi akamjibu kwamba ndiyo, anaweza. Walipokuwa wanarudi, mzee akaanza kumweleza habari za Fort Portal.

Njiani wakakutana na Ahumuza na Benon. Ahumuza alivaa viatu vya ncha, anatafuta mahali pakavu pa kukanyaga kama kuku aliyenyeshewa. Benon alikuwa kijana mkubwa, mabega kama mlango, uso wa kucheka hata akiwa amekasirika.

"Afande," akasema Ahumuza, "mimi sina maneno mengi. Nilionyeshwa shamba, nikalipenda. Nikarudi, nikaambiwa ni kinamasi. Ardhi gani hii inabadilika kama kinyonga?"

"Mmeandikiana?"

"Bado. Lakini tumekula mbuzi."

Huku kwetu ukinunua ardhi, mbuzi huliwa mbele ya majirani, ndipo neno linakuwa zito.

"Mliila wapi?"

"Kwa mama," akasema Benon. "Mama mwenyewe aliipika."

"Mama yako alisema nini siku hiyo?"

Benon alifikiri. "Alisema chumvi imepungua."

"Kuhusu shamba."

"Kuhusu shamba hakusema. Kwani angesema nini? Mama hana shida. Mimi ni mtoto wake wa pekee, nikitaka kitu ananipa. Nataka nimpumzishe, Afande. Kila siku yuko kwenye matope na yale magimbi, na mgongo wake umezeeka. Ahumuza akichukua shamba, mama atakaa kwenye kiti."

"Ulimuuliza kama anapenda kiti?"

"Nani hapendi kiti?"

Kenyangi akamtazama mabega. "Wewe ungeweza kubeba nguzo moja?"

"Hata mbili. Lakini nizihamishe ili nijinyang'anye ardhi mwenyewe? Afande, mimi sikusoma sana, lakini hapo nilifika."

Hapo Ahumuza alicheka, na Tsongo akacheka, na kweli jibu lilikuwa zuri. Aliyehamisha nguzo hakuwa Benon, wala hakuwa Ahumuza. Wote wawili walikuwa wanapoteza.

Kenyangi alirudi kwenye kalvati na ramani ya kamati. Kazi yake ina utaratibu, alinieleza: hupimi kwa macho, unapima kutoka kwa kitu ambacho hakiwezi kubebwa. Akamshikisha Tsongo ncha ya utepe, akashuka mpaka pale ramani ilipoonyesha nguzo ya kwanza ilikuwa. Alitafuta shimo. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na gimbi changa, majani mawili tu, bua lake la zambarau.

Akapima nguzo ya pili. Gimbi.

Ya tatu, gimbi. Tsongo kule juu akaita, "Abwoli, umepotea?"

"Vuta utepe, mzee. Shikilia hapohapo."

Ya nne na ya tano vilevile. Kwenye mashamba mengine yote magimbi yalimea ovyo, kila moja lilipopendelea. Haya yalisimama mstari mmoja pembeni ya maji. Kenyangi alichimba kidogo kando ya moja kwa jembe lake. Udongo ulikuwa laini, na chini yake akakuta kipande cha saruji ya kamati na zile kokoto alizozitaja Omara, zimebaki shimoni.

Basi akaelewa jinsi mtu huyo alivyo. Aling'oa nguzo, akaona shimo, na mkono wake haukuweza kuliacha tupu.

Akapanda mbio mpaka juu. Akapiga magoti tena penye nguzo mpya, akafunua yale majani makavu ya mgomba. Chini yake, kuzunguka saruji, palikuwa na majivu ya jikoni.

"Mzee," akasema, "ukipanda mgomba unaweka nini shimoni?"

"Majivu. Kwa ajili ya mchwa."

"Na juu?"

"Unafunika na majani, udongo usikauke." Tsongo aliinama akaona. Akavua kofia. "Mungu wangu. Kuna mtu amepanda nguzo."

"Anangoja izae."

Mzee alikaa chini kwenye majani na koti lake la harusi, akacheka mpaka machozi. Kisha akakumbuka kuwa yeye ni mwenyekiti. "Lakini Abwoli, huyo ni mkulima, na Bwera yote ni wakulima. Tena ni mwanaume mwenye nguvu. Gunia la mihogo, alisema Omara."

"Kwa nini mwanaume?"

"Nani mwingine ana bega la kubeba hiyo?"

Wakati huo akina mama walikuwa wanateremka mlimani na kuni. Walipita mbele yao kwenye ile njia, mmoja nyuma ya mwingine, mizigo imejaa mgongoni, na kila mzigo umeshikwa na ukanda mpana uliopita kwenye paji la uso. Mikono yao ilikuwa huru, mmoja alikuwa anamenya muwa. Wakasalimu, "Wasibire," wakaendelea. Kenyangi alikuwa amewaona akina mama hao tangu ahamie Kasese, kila siku ya Mungu, na hakuwahi kuwatazama. Kwao Fort Portal mzigo unakaa kichwani, na nguzo ya saruji haikai kichwani.

Akageukia nguzo, akapitisha vidole kwenye saruji inayokwaruza. Karibu na kichwa chekundu, nyuzi kavu za ukanda zilikuwa zimenasa.

"Mzee, kubeba hii hakutaki bega."

Tsongo alifuata macho yake mpaka kwa akina mama waliokuwa wanapotelea kwenye kona. Akavaa kofia yake polepole. "Mama Benon," akasema. "Magimbi ni yake."

"Usiite mtu. Nakwenda peke yangu."

Tabisa alikuwa jikoni anasonga bundu, ugali wetu wa mihogo. Mwanamke mwembamba, shingo imekauka kama kamba nzuri, na katikati ya paji la uso palikuwa na ule mstari laini ambao mama zetu wote wanao. Nyuma ya jiko magimbi yalimea, mabua ya zambarau.

"Karibu, mtoto wangu. Kaa. Umekula?"

"Bado, mama. Nimekuja kazini."

"Kazi inakataza kula?"

Kenyangi akakaa kwenye kigoda. "Mama, nimeona nguzo zako. Umezipanda vizuri."

Mwiko wa bundu ulisimama, kisha ukaendelea.

"Nguzo ni ya serikali," akasema Tabisa.

"Ndiyo. Lakini majivu ni ya nani?"

"Majivu iko kila nyumba."

"Ni ya nini, yale majivu?"

"Ya mchwa," akajibu Tabisa, kabla hajajizuia.

"Mchwa wanakula saruji?"

Tabisa alitazama ndani ya sufuria. Mabega yakaanza kutikisika, na Kenyangi akadhani analia, akanyoosha mkono. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, akashika ukuta, akafuta macho kwa kitenge.

"Nilikuwa nimeshamwaga," akasema. "Nikajiuliza, Tabisa, hii ya nini? Lakini nilikuwa nimeshamwaga. Nikasema basi nifunike."

"Ulizibeba lini?"

"Alfajiri, wakati wa kuni. Naweka moja mgongoni, juu nafunika majani. Nilikutana na mwenyekiti mwenyewe. Akaniambia, pole na kazi. Mwanamke akiwa na mzigo, nani anauliza ni mzigo gani?"

"Na kwa nini, mama?"

Tabisa aliondoa sufuria motoni. Akaifunika kwa utulivu.

"Lile shamba nililima nikiwa na mimba ya Benon. Mikeka yetu tunaanikia pale. Akina mama wote wanapita pale kufika kwenye mafunjo. Likija lori na mafuta yake, litakwisha. Lakini Benon aliniambia akiwa na furaha. Umemwona akiwa na furaha? Nyumba nzima inajaa. Sijawahi kumwambia yule mtoto hapana. Baba yake alikufa akiwa mdogo, nikasema huyu hatakosa kitu. Sasa neno lenyewe silijui. Siku ya mbuzi nilisimama mlangoni nilitoe, likatoka la chumvi." Akamtazama Kenyangi. "Nikaona kinamasi kinaweza kukataa badala yangu. Kikikataa chenyewe, hatanichukia mimi."

Kenyangi alinieleza kwamba alikamata watu wengi katika kazi yake, na hajawahi kumwonea mtu haya kama siku ile. Lakini sheria ni sheria, na kamati ilikuwa inangoja.

"Mama, kuhamisha nguzo ni kosa. Zitarudi mahali pake, na lazima isemwe mbele ya watu, la sivyo Ahumuza atasema ni kamati, na nguzo zote zitang'olewa. Nitasema mimi, au utasema wewe?"

"Nitasema mimi. Ila kula kwanza. Nikishasema, huenda ukaona aibu kula kwangu."

Akala. Bundu na sombe ya majani ya mihogo, na kipande cha samaki wa Katwe.

Kamati ilikaa kwenye stoo ya kahawa, maana ndiyo yenye mabenchi. Watu walijaa mpaka nje, na Omara naye alikuja na vumbi lake. Tsongo aliomba sala ndefu. Ahumuza aliangalia saa. Kenyangi akasimama, akaeleza alivyopima, wapi nguzo zilikuwa na wapi zipo sasa, kisha akasema, "Aliyezihamisha yuko hapa na atasema mwenyewe."

Watu wakaanza kumtazama Omara. Omara akasema, "Mimi nilikuja kwa ajili ya kivuli."

Tabisa akainuka. "Ni mimi."

Kwanza hakuna aliyeamini. Mtu wa nyuma akasema mama huyu ameumwa na jua. Benon ndiye aliyesimama. "Mama, kaa chini. Nani amekulazimisha kusema hivyo?"

"Hakuna. Nilizibeba mgongoni. Nilizipanda."

"Mpaka na majivu," akasema Tsongo, na stoo nzima ikavunjika kwa kicheko, wanawake hasa, kwa sababu kila mmoja alijiona. Mama mmoja wa mikeka akauliza, "Na mashimo uliyaacha?" Tabisa akasema angeyaachaje, alitia magimbi. Wakapiga vigelegele kama ni harusi.

Benon hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya mabenchi, mikono inaning'inia.

"Mama. Ulikuwa unanificha shamba?"

"Ndiyo."

"Si ulipika mbuzi?"

Hapo Tsongo aligonga meza. Kofia alikuwa ameivaa vizuri sasa. "Benon, kupika si kukubali. Mama yako anakula kutoka kwa lile shamba. Ardhi ya nyumba haiuzwi bila neno la anayeishi nayo, na kamati hii haitatia sahihi bila kulisikia. Tabisa, nakuuliza mbele ya watu. Ulikubali kuuza?"

Tabisa alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alimtazama mwanawe, na uso wake ukawa kama wa mtu anayetaka kuruka mfereji na mzigo mgongoni.

Ahumuza akasema, "Mnaona, hana neno."

"Subiri," akasema Benon. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisogea mpaka mbele ya mama yake, akachuchumaa ili awe chini yake, mtu mkubwa vile. "Mama, kwa nini usiniambie tu hapana?"

"Sijui kulisema kwako."

"Ni neno dogo. Mimi nalisikia kila siku kwa wasichana."

Watu wakacheka. Tabisa naye alicheka kidogo.

"Sema sasa," akasema Benon. "Nakuuliza. Mama, tuuze shamba la chini?"

"Ha…" Akameza mate. "Labda…"

"Mama."

"Hapana," akasema Tabisa, kwa sauti ya mtu anayesali.

"Mwenyekiti amesikia?"

"Masikio yangu ni ya uzee," akasema Tsongo, mwongo mkubwa yule.

"Hapana," akasema Tabisa.

"Nyuma hatusikii," wakaita akina mama wa mikeka.

"Hapana. Hatuuzi. Silitaki lori kwenye shamba langu, na kiti sikitaki, Benon, kitaniua." Na alipomaliza alijishika mdomo, akatazama kama kuna kitu kimevunjika. Hakuna kilichovunjika. Benon alikuwa amemkumbatia magoti, anacheka na machozi yanamtoka, anasema, "Basi, mama, basi, nimesikia, tosha."

Kenyangi alisoma uamuzi wa kamati. Nguzo zirudi kwenye mashimo yake leo hii, kwa mikono ya nyumba iliyozihamisha, kamati ikishuhudia. Pale pembeni palipokanyagwa, nyumba hiyo ipande mafunjo. Shamba la magimbi libaki upande wa juu wa mpaka, mali ya Tabisa kama zamani. Ahumuza akauliza na mbuzi je. Benon akasema atamrudishia.

"Mama, nimpe yule beberu mweusi?"

"Hapana," akasema Tabisa. "Mpe wa kwako."

Ilionekana amelipenda neno lile. Ahumuza mwenyewe akashindwa kununa. Omara akamwita pembeni, akamwambia uwanja wake uko juu, mbali na maji, na ana bomba, na wakichimba shimo la kuchuja mafuta malori yanaweza kuoshwa pale. Kenyangi akawaonya wasichimbe hata kijiko kabla hawajaja ofisini Kasese kuomba ruhusa. Wakasema watakuja wote wawili.

Kuzirudisha nguzo ndiko kulikuwa sherehe. Benon aliweka ya kwanza begani, akaenda kidogo, akatukana, akaiweka chini. Akaweka bega la pili, ikamchubua. Ndipo mama yake alipofungua ukanda wake, akamfunga nguzo mgongoni, akaupitisha kwenye paji lake la uso. "Inama. Shingo ngumu, macho chini. Usitembee kama mwanaume, utaanguka." Njia nzima akina mama walimsindikiza wakimfundisha, huyu akisema legeza magoti, yule akisema usipumue kwa mdomo. Tsongo alishika utepe. Omara, ambaye hakutakiwa kufanya kitu, alileta kokoto na saruji kidogo, kwa sababu alisema hawezi kutazama nguzo ikisimamishwa kwa majivu mara ya pili. Na magimbi matano yaling'olewa kwa upole mashimoni, yakapandwa tena shambani.

Walipomaliza ya mwisho mvua ilishuka, ile ya mlimani isiyopiga hodi. Dereva wa gari la polisi akapiga simu kwamba mto umefunika daraja, afande atafute pa kulala. Hakutafuta. Tabisa alikuwa ameshamkausha soksi jikoni.

Wakala mapema, giza likiingia. Mzee Tsongo alikuwa ameshapita kuaga. Mke wake baadaye alisema alilala na lile koti. Benon alikaa na kitambaa cha maji moto kwenye paji la uso, anauliza wanawake wanafanyaje hivi kila siku bila kusema kitu.

"Tunasema," akajibu mama yake. "Hamsikilizi."

Kenyangi alitandikiwa mkeka mpya nyuma ya pazia. Mvua ikapiga mabati. Sauti ya Benon ikatoka chumbani kwake.

"Mama. Kuna sombe imebaki?"

"Hapana."

"Lakini nimeona sufuria."

"Hapana," akasema Tabisa. Benon akacheka peke yake, akageuka kitandani, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma.

Kenyangi alikuwa anafunga macho aliposikia Tabisa, upande wa pili wa pazia, akilijaribu lile neno tena kwa kunong'ona. Alilisema polepole, kisha haraka kidogo, kisha kwa adabu, kama anamjibu mgeni. Halafu likakatikia katikati, na pumzi ikawa nzito. Kenyangi akavuta blanketi, akageukia ukuta, akalala.